Sayyid Barghash na Majumba ya Raha Ufuoni

Ukiutaja mwambao wetu kwa mgeni wa kutoka Ulaya, jambo la kwanza limjialo ni mapumziko. Kuanzia Diani na Tiwi hadi Nyali, Watamu na Malindi, na ng'ambo ya bahari huko Unguja, hoteli zimejipanga ufuoni, kila moja na bustani yake, hodhi lake la kuogelea na baraza lake la kupungia upepo. Mgeni hutoa fedha nyingi apate kulala akisikiliza mawimbi. Wengi wetu hudhani kwamba mtindo huo tuliletewa na Wazungu pamoja na ndege zao. Lakini kabla hata ndege haijaruka hapa duniani, alikuwako mtu mmoja katika bahari yetu hii aliyejenga nyumba baada ya nyumba ufuoni kwa ajili ya kupumzika tu, zenye hamamu, mabirika, miembe na roshani za kutazamia bahari. Mtu huyo ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja tangu mwaka wa 1870 hadi 1888.

Nimependa kumweleza leo kwa sababu mbili. Kwanza, sisi watu wa mwambao wa Kenya maisha yetu yamefungamana na yake kuliko vile wengi wetu tunavyojua. Pili, kila nikiufikiri umri wake naona kwamba kuna somo ndani yake juu ya hiyo raha tunayoiuza kila siku kwa wageni: ni raha ya nani, hujengwa kwa jasho la nani, na ni ipi inayobaki baada ya mwenyewe kuondoka.

Kijana mwenye haraka

Barghash alizaliwa yapata mwaka wa 1837. Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyeyahamishia makao yake Unguja na kuvifanya visiwa hivyo kuwa shamba kubwa la karafuu. Mamake alikuwa Mhabeshi, suria katika nyumba ya Sultani. Msomaji ajua kwamba katika sheria yetu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba ni mtoto halali sawasawa na wa mke, kwa hiyo hapakuwa na dosari yoyote katika nasaba yake. Dosari, kama ilikuwapo, ilikuwa katika haraka yake.

Mwezi wa Oktoba 1856, Sayyid Said alifikwa na amri ya Mwenyezi Mungu akiwa melini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirejea kutoka Oman. Barghash alikuwa naye safarini. Walipowasili Unguja, kijana huyu aliuteremsha mwili wa babake usiku, akauzika kwa siri, kisha akajaribu kuitwaa ngome kabla habari hazijaenea mjini. Hakufaulu. Kiti kikaenda kwa kaka yake, Sayyid Majid.

Miaka mitatu baadaye alijaribu tena. Mwaka wa 1859, alikula njama na baadhi ya masheikh wa Kiarabu ili ampindue Majid, na miongoni mwa waliokuwa upande wake walikuwa dada zake, Khole na Salme. Salme alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitano tu, lakini kwa kuwa alijua kuandika, yeye ndiye aliyekuwa katibu wa njama hiyo. Majid alipoizingira nyumba ya Barghash mjini kwa askari, akina dada hao wakaingia kumwona, wakamvisha mavazi ya kike, wakampitisha mbele ya walinzi katikati ya kundi la wanawake waliojifunika. Akakimbilia shambani Machui pamoja na wafuasi wake. Majid akasaidiwa na mabaharia wa Kiingereza, na njama ikavunjika. Barghash alisalimu amri, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Huko India alikaa miaka miwili kwa posho ya serikali ya Kiingereza. Mara nyingi wasimulizi huipita miaka hiyo upesi, nami naona wanakosea. Bombay ya wakati ule ilikuwa mji wa bandari wenye shughuli nyingi, wenye majumba makubwa na meli za moshi. Katika miaka hiyo hiyo ndipo wakaazi wake walipoanza kuletewa maji ya mabomba kutoka ziwa la Vihar, nje ya mji. Mtu anaweza kuona jambo, akanyamaza, na akaja kulitenda siku mkono wake utakapofika.

Kiti chenye misiba

Mkono ulifika Oktoba 1870, Majid alipofariki. Barghash alikikalia kiti alichokitamani kwa miaka kumi na minne, lakini hakukikuta kimetulia. Unguja ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika kipindupindu cha mwaka wa 1869 na 1870, kilichoua watu kwa maelfu. Halafu tarehe 15 Aprili 1872, tufani kubwa ikapiga kisiwa. Ikavunja majahazi na meli bandarini, zikiwamo za Sultani mwenyewe, na ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na ndipo karafuu ya Pemba ilipoanza kuizidi ya Unguja.

Kabla hajajenga tena, Waingereza wakamjia na jambo la biashara ya watumwa. Mwaka wa 1873 aliletewa mkataba, na alipositasita akatishiwa kwamba manowari zitakizunguka kisiwa na kuzuia kila chombo. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na usafirishaji wao baharini ukapigwa marufuku. Jambo lenyewe lilikuwa la haki, na hakuna Mwislamu mwenye moyo atakayelilia soko lile. Lakini kwa Sultani lilikuwa pia onyo la kwanza kwamba amri ya mwisho katika nchi yake haikuwa tena mikononi mwake.

Hata sisi Mombasa tuliliona hilo. Akida Muhammad bin Abdallah, aliyekuwa ameshika Ngome ya Yesu, alipomwasi Sultani, haikuwa mizinga ya Unguja iliyomtoa. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza zilikuja zikaipiga ngome hadi akasalimu. Barghash akarudishiwa ngome yake, lakini mwenye kurudishiwa mali na jirani hubaki na deni.

Katikati ya mwaka huo huo alisafiri kwenda Uingereza. Alipokewa na Malkia Victoria, akaonyeshwa miji, bustani na viwanda, kisha akapitia Ufaransa na Misri. Aliporudi, akaanza kujenga.

Majumba ya ufuoni

Jumba lake lijulikanalo zaidi ni Beit al-Ajaib, lililokamilika mwaka wa 1883 mbele ya bandari. Hilo lilikuwa jumba la fahari na sherehe. Majumba ya raha aliyaweka nje ya mji. Kusini, kule Chukwani, alijenga nyumba juu ya bahari mahali palipopendwa kwa hewa yake nzuri, pakawa ndipo pa kujipumzisha baada ya ugonjwa au uchovu. Kaskazini, baina ya mji na Mtoni, palipokuwa na kasri la babake, alijenga Marhubi kati ya mwaka wa 1880 na 1882, pawe makao ya masuria na watu wa nyumbani mwake.

Nimepata kusimama Marhubi. Panasikitisha na panapendeza kwa wakati mmoja. Zimesalia nguzo nene za mawe na chokaa, safu kwa safu, zilizokuwa zimebeba roshani pana ya mbao iliyoelekea bahari. Zimesalia pia hamamu zenye vyumba vidogo vya kuogea, na mabirika yaliyopambwa kwa mayungiyungi. Miembe mikubwa ingaliko. Nilikaa kivulini mwa mmoja wake wakati wa alasiri, upepo wa kusi ukivuma, na mara nikaelewa yale yaliyotafutwa na mwenye jumba. Mahali pale hata maskini akikaa hujiona tajiri.

Lakini akili haikuniacha nistarehe. Nilijiuliza ni nani aliyeyachonga yale matumbawe baharini, nani aliyeichoma ile chokaa, nani aliyezibeba boriti kichwani. Soko lilifungwa mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba hadi mwaka wa 1897, miaka tisa baada ya Barghash kufa, na katika mwambao wetu wa Kenya hadi mwaka wa 1907. Karafuu zilizolipia Marhubi zilichumwa na watu wasiokuwa na hiari. Wala masuria waliokaa nyuma ya zile kuta hawakuulizwa kama wapenda upepo wa bahari. Siwezi kuisifu raha ya Marhubi nikalificha hilo. Atakayemsifu Barghash kwa majumba yake peke yake amechagua sehemu iliyo dhaifu kabisa katika sifa zake.

Maji kwa kila mtu

Sehemu iliyo na nguvu ni nyingine, nayo haikuwa ya kutazamwa na wageni. Ni maji.

Kabla ya Barghash, mji wa Unguja ulikunywa maji ya visima. Wenye uwezo waliletewa maji na wachukuzi wao, na wasio na uwezo walikunywa yaliyopatikana. Visima vya mjini vilikuwa karibu na vyoo na makaburi, na mvua ikinyesha kila kitu kiliingiliana. Msomaji akumbuke kile kipindupindu kilichotangulia kutawazwa kwake. Barghash aliamuru maji safi yaletwe kutoka chemchemi za upande wa Bububu, maili kadhaa kaskazini, kwa mfereji na mabomba hadi mjini. Maji hayo hayo yaliyojaza mabirika ya majumba yake yakafika pia katika mitaa, na watu wakateka bila ya malipo. Mtu hakuulizwa kabila, wala kama ni muungwana au mtumwa. Aliyekuja na mtungi alijaza mtungi.

Katika mtaa ambao hadi leo waitwa Hamamni alijenga hamamu za mtindo wa Kiajemi ili watu wa mjini waende kuoga, mapato yake yakawa ya wakfu. Yaani ile starehe ya maji ya moto na sakafu safi aliyojijengea mwenyewe Marhubi, aliiweka pia katikati ya mji. Aliweka mtambo wa kupiga chapa, na kuanzia yapata mwaka wa 1880 vitabu vya dini vya Kiibadhi vikachapishwa papo hapo Unguja. Alinunua meli za moshi zikawa zinakwenda Bombay na kurudi na bidhaa na abiria. Hayo yote aliyatenda mtu ambaye kila mwaka alikuwa akinyang'anywa kipande cha mamlaka yake.

Maili kumi

Mwishoni mwa mwaka wa 1884 Mjerumani mmoja, Karl Peters, alipita bara nyuma ya Bagamoyo akiwatilisha machifu sahihi katika karatasi wasizozielewa. Mwaka uliofuata serikali yake ikazitia nguvu karatasi zile. Barghash alilalamika kwamba nchi zile ni zake. Jibu lilimjia Agosti 1885, manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya mji na kuielekezea mizinga. Bahari ile ile aliyoijengea roshani aitazame kwa kuburudika, ndiyo iliyomletea hukumu.

Na ndani ya msafara huo wa Kijerumani alikuwamo dada yake. Salme alikuwa ameondoka Unguja mwaka wa 1866 kwa ajili ya Mjerumani aliyempenda, akaingia Ukristo, akaolewa, na akafiwa na mume akiwa na watoto wadogo huko Ujerumani. Mwaka wa 1875, Barghash alipokuwa London, alikwenda huko kumtafuta, na Waingereza wakamzuia wasionane. Safari hii alikuja mwenyewe hadi mbele ya nyumba ya kaka yake kudai urithi wake na kutaka suluhu. Barghash hakukubali kumwona. Najua wasomaji wengi watasema kwamba aliyetoka katika dini amejitenga mwenyewe, na kwamba kuja chini ya bendera ya adui kulizidisha kosa. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini huyu ndiye yule msichana aliyemvisha nguo za kike na kumpitisha mbele ya bunduki. Kuna milango ambayo mtu akiifunga, hata jumba liwe na upepo wa namna gani, ndani hupata joto.

Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani waliketi wenyewe kwa wenyewe wakagawana bara. Sultani akaachiwa visiwa, miji kadhaa ya Banadiri, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu, hadi Kipini upande wetu. Desemba ya mwaka huo akakubali, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Tarehe 24 Mei 1887 akawapa Waingereza wa kampuni ya William Mackinnon haki ya kuutawala na kukusanya forodha katika mwambao tangu mto Umba, hapo karibu na Vanga, hadi Kipini. Hapo ndipo ilipoanza ile habari ya maili kumi ambayo wazee wetu waliijadili barazani kwa miaka mingi. Bendera nyekundu iliendelea kupepea Mombasa, Malindi na Lamu, lakini mwenye amri alikuwa mwingine, mpaka mwaka wa 1963 ukanda huo ulipoungana rasmi na Kenya huru.

Safari ya mwisho

Wakati huo Barghash alikuwa mgonjwa. Alikuwa na maradhi ya kifua, na matende pia yalimsumbua. Hewa ya Chukwani haikumfaa tena. Mapema mwaka wa 1888 akapanda meli kwenda Oman, nchi ya wazee wake, kutafuta nafuu. Hakuipata. Akageuza kurudi, na mwishoni mwa Machi 1888 meli ikamfikisha Unguja. Saa chache tu baada ya kuteremka, akakata roho. Hakuwa na umri zaidi ya miaka hamsini na kidogo. Alizikwa karibu na babake, katika makaburi ya kifalme kando ya kasri.

Majumba nayo yakamfuata. Mwaka wa 1896 mwanawe, Khalid bin Barghash, alipojaribu kukikalia kiti bila ya ridhaa ya Waingereza, manowari zikaupiga ufuo huo kwa chini ya saa moja na kuyabomoa majumba ya kifalme. Khalid akaishi uhamishoni, na mwisho wake akafia hapa petu Mombasa mwaka wa 1927. Marhubi iliungua mwaka wa 1899. Chukwani ikabomoka. Hata Beit al-Ajaib, iliyostahimili mizinga, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Hata hivyo, mafundisho yetu yasema kwamba amali ya mtu hukatika afapo isipokuwa mambo machache, na sadaka inayoendelea ni mojawapo. Wanazuoni wanapoitolea mfano sadaka hiyo, maji huwa hayakosi kutajwa. Barghash alijijengea raha ya aina mbili. Ile aliyoizungushia ukuta ikaungua katika muda wa miaka kumi na moja baada ya kifo chake. Ile aliyoipitisha katika bomba hadi mlangoni kwa maskini ikamwishia kiu mtu ambaye hakumjua hata kwa sura.

Basi nipitapo leo ufuoni kwetu nikaona hodhi la hoteli limejaa maji ya buluu hadi ukingoni, na mita chache nyuma ya ukuta nikamwona kijana akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji ya kuuza, humkumbuka Sultani huyu. Sina chuki na hoteli, kwani zimewalisha vijana wetu wengi. Lakini mwenye kujenga nyumba ya raha kando ya bahari hii na atambue kwamba ametanguliwa. Aliyemtangulia alikuwa na miembe mizuri zaidi na roshani pana zaidi, na watu wakimwombea rehema leo humwombea kwa ajili ya bomba la maji. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe alipokosea, na amlipe kwa kila mtungi uliojazwa.